Kesi ya Hernandez: Jinsi Walatino walivyopigania nafasi katika mahakama za Marekani

Katika jengo la mahakama ya Kaunti ya Jackson, mjini Edna, jimbo la Texas, mwaka wa 1951 kulikuwa na vyoo viwili vya wanaume. Kimoja hakikuwa na maandishi yoyote. Cha pili kilikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyoonyesha kuwa ni cha wanaume weusi, na mengine ya Kihispania, "Hombres Aquí", yaani "Wanaume Hapa".

Katika kesi iliyoanzia kwenye jengo hilo, mawakili wa serikali ya Texas walishikilia kwamba Wamarekani wenye asili ya Mexico ni Wazungu sawa na Wazungu wengine, na kwa hivyo hawawezi kulalamika kuwa wanabaguliwa. Maandishi ya mlangoni yaliingizwa katika kumbukumbu za kesi na hatimaye yakasomwa na majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani jijini Washington. Uamuzi waliotoa Mei 3, 1954, katika kesi ya Hernandez dhidi ya Texas, ulitamka kwamba kinga ya usawa mbele ya sheria haiwahusu Wazungu na watu weusi pekee.

Kesi hiyo haifahamiki sana, hata miongoni mwa Wamarekani wenyewe. Wiki mbili baadaye, Mei 17, mahakama iyo hiyo iliamua kesi ya Brown iliyopiga marufuku utengano wa watoto weusi na weupe katika shule za umma, na habari za Brown zikaifunika ya Hernandez kabisa. Ni hasara, kwa sababu kesi hii inafundisha jambo ambalo ile ya Brown haikuligusa: kwamba mtu anaweza kupewa usawa katika karatasi na akanyimwa katika kila mlango anaobisha.

Walatino ni nani?

Neno Walatino huwakusanya pamoja watu ambao historia zao hazifanani. Walio wengi wana asili ya Mexico. Baadhi yao hawakuhamia Marekani kamwe, bali Marekani ndiyo iliyowahamia: vita kati ya nchi hizo mbili vilipokwisha, mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 2, 1848, uliipokonya Mexico takriban nusu ya ardhi yake, na wakazi walioamua kubaki wakaahidiwa uraia. Wapuerto Rico nao walitwaliwa pamoja na kisiwa chao mwaka wa 1898, kisha wakafanywa raia mwaka wa 1917. Kuna pia Wakuba, Wadominika, Wasalvador na wengineo. Sensa ya mwaka wa 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wa asili hizo, yaani asilimia 18.7 ya Wamarekani wote.

Uraia ulioahidiwa mwaka wa 1848 ulikuwa na athari ya ajabu. Wakati huo sheria za Marekani ziliruhusu mgeni kupewa uraia iwapo tu ni Mzungu, na baada ya mwaka wa 1870 iwapo ana asili ya Afrika. Mwaka wa 1897, Ricardo Rodriguez, mzaliwa wa Mexico aliyeishi San Antonio, aliomba uraia na kuna waliompinga kwa hoja kwamba hakuwa Mzungu wala mtu mweusi. Jaji Thomas Maxey alimkubalia, akitegemea mikataba ya nchi hizo mbili. Tangu hapo Mmexico akahesabiwa kuwa Mzungu mbele ya sheria, ilhali mkahawani, shuleni na kwenye kinyozi hakuna aliyemchukulia hivyo.

Viongozi wa jamii hiyo waliishika ngao hiyo ya Uzungu kwa mikono miwili. Muungano wa LULAC, ulioundwa mjini Corpus Christi mwaka wa 1929, uliwahimiza wanachama wake kujifunza Kiingereza na kuonyesha uzalendo. Sensa ya mwaka wa 1930 ilipowaorodhesha Wamexico kama rangi ya kipekee, muungano huo ulipinga vikali, na katika sensa ya 1940 wakarudishwa kwenye safu ya Wazungu. Ni rahisi leo kuwalaumu kwa kujitenga na watu weusi, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini katika Texas ya enzi hizo, ambako mtu mweusi alibaguliwa kwa sheria iliyoandikwa, anayezama hakuwa na nafasi ya kuchagua ubao wa kushika.

Ushindi wa kwanza mkubwa ulipatikana California. Gonzalo Mendez, mkulima, na mkewe Felicitas, mzaliwa wa Puerto Rico, walikataa watoto wao wapelekwe katika shule ya Wamexico huko Westminster, Kaunti ya Orange. Kupitia wakili David Marcus walishinda mwaka wa 1946, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Gavana wa California aliyetia saini sheria ya kufuta utengano uliosalia katika shule za jimbo hilo alikuwa Earl Warren. Na miongoni mwa mawakili walioandika hoja za kuiunga mkono familia hiyo kwa niaba ya chama cha NAACP alikuwa Thurgood Marshall, ambaye Wakenya wanamfahamu kwa sababu nyingine: mwaka wa 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House jijini London, na akaandaa rasimu ya hati ya haki kwa ajili ya Kenya. Majina yote mawili, Warren na Marshall, yatajitokeza tena.

Mauaji ya Edna

Agosti 1951, Pete Hernandez, kibarua wa mashambani, aligombana na watu katika baa moja mjini Edna. Aliondoka, akarudi na bunduki, akampiga risasi Joe Espinosa na kumuua. Aliyeua na aliyeuawa wote walikuwa na asili ya Mexico. Hernandez alipatikana na hatia ya mauaji na kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Mauaji yenyewe hayakuwa na utata mkubwa. Utata ulikuwa kuhusu waliomhukumu.

Nchini Marekani, anayeamua kama mshtakiwa ana hatia katika kesi nzito kwa kawaida si jaji, bali ni jopo la raia wa kawaida wanaoteuliwa kutoka miongoni mwa wakazi. Katika majimbo kama Texas huwapo pia jopo jingine, linaloamua kwanza iwapo mtu anastahili kushtakiwa. Kenya ilikuwa na utaratibu wa majopo zama za ukoloni, lakini kwa Wazungu pekee. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, ambao ushauri wao haukumfunga jaji na ambao waliondolewa kisheria mwaka wa 2007. Jinsi jopo la watu wa rangi moja linavyoweza kupindisha mizani ilidhihirika Nakuru mwaka wa 1923. Mlowezi Jasper Abraham, aliyemchapa mfanyakazi wake Kitosh hadi akafa, alipatikana na jopo la Wazungu wenzake na hatia ya kumjeruhi vibaya, si ya kumuua, akafungwa miaka miwili.

Katika Kaunti ya Jackson, upande wa serikali wenyewe ulikubali kwamba kwa muda wa miaka 25 hakuna mtu hata mmoja mwenye jina la Kimexico au la Kilatino aliyewahi kuketi katika jopo lolote. Haya yalitendeka ilhali watu wenye majina hayo walikuwa asilimia 14 ya wakazi wote, na asilimia 11 ya wanaume waliotimiza umri wa miaka 21. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotimiza masharti yote yaliyowekwa na sheria.

Waliomtetea Hernandez walikuwa wanne, na yafaa kuwataja kwa sababu wakati huo mawakili wa asili hiyo walikuwa wachache mno Texas. Gus Garcia wa San Antonio, aliyesomea Chuo Kikuu cha Texas, alikuwa bingwa wa ufasaha ambaye watu walijaa mahakamani kumsikiliza. Carlos Cadena, mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha St. Mary's, alikuwa kinyume chake: mpole, mtu wa vitabu, ambaye mengi ya yaliyoandikwa katika kesi hii yalitoka mikononi mwake. John Herrera wa Houston alijisomesha sheria huku akifanya vibarua na kuendesha teksi. James DeAnda, kijana wa miaka 26, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi. Masimulizi yaliyobaki yanaeleza kwamba wakati wa kesi mawakili hawakulala Edna, mji ambao mkahawa wake mmoja ulitundika ilani ya kukataa kuwahudumia Wamexico. Walirudi Houston kila jioni.

Fedha za kufika Washington zilichangwa. LULAC na American GI Forum, shirika la wanajeshi wastaafu lililoanzishwa na daktari Hector Garcia mwaka wa 1948, yalitoa sehemu kubwa, na zilizobaki zikatoka kwa watu wa kawaida, wengine wao vibarua wa mashambani, dola moja moja. Ilikuwa harambee kwa maana halisi ya neno hilo.

Mahakama ya jimbo ilikuwa imewakatalia katika rufaa mwaka wa 1952. Kwa maoni yake, Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria, yalitambua makundi mawili tu, Wazungu na watu weusi. Wamexico ni Wazungu. Jopo la Edna lilikuwa la Wazungu. Basi Hernandez alihukumiwa na wenzake, na malalamiko yake hayana msingi.

Hapo ndipo ngao ya kale iligeuka kuwa pingu. Kwa miaka mingi viongozi wa jamii hiyo, Garcia mwenyewe akiwemo, walikuwa wamesimama mahakamani wakisema kuwa Wamexico ni Wazungu na kwa hivyo si halali kuwatenga. Sasa Texas ilikuwa inawarudishia maneno yao. Suluhisho la Cadena lilikuwa la werevu: hakukana kwamba kisheria watu wake walihesabiwa Wazungu, ila alidai kwamba katika Kaunti ya Jackson walichukuliwa na kutendewa kama tabaka la kando. Swali halikuwa sheria inawaitaje. Lilikuwa, je, majirani zao wanawatendeaje?

Januari 11, 1954, Garcia na Cadena walisimama mbele ya majaji, wakiwa mawakili wa kwanza wa asili ya Mexico kuwasilisha kesi katika mahakama hiyo. Inasimuliwa kwamba mmoja wa majaji aliuliza kama watu hao walizungumza Kiingereza, na mwingine kama walikuwa raia. Garcia alijibu kwamba wazee wake walikuwa Texas tangu zamani, wakati Sam Houston, shujaa wa jimbo hilo, alipokuwa mhamiaji tu kutoka Tennessee. Inasimuliwa pia kwamba muda wake ulipokwisha alikubaliwa kuendelea, fadhila ambayo mahakama hiyo huitoa kwa nadra.

Uamuzi haukuwa na mpinzani hata mmoja. Uliandikwa na Jaji Mkuu, Earl Warren, yule yule aliyekuwa gavana wa California. Alisema jamii zinazobaguliwa hazibaki zile zile daima, na kwamba mlalamishi akithibitisha kwamba katika eneo lake jamii fulani imetengwa, Katiba inamlinda. Kisha akapanga ushahidi: mkahawa uliokataa Wamexico, watoto waliosomea shule yao pekee katika madarasa manne ya kwanza hadi siku za karibuni, maandishi ya mlango wa choo. Makamishna watano walioteua wanajopo walikuwa wameapa kwamba hawakumbagua mtu, bali walichagua waliofaa zaidi. Warren alijibu kwamba ni vigumu kuamini kuwa ilitokea tu kwa bahati kwamba kati ya wanajopo zaidi ya 6,000 walioitwa kwa miaka 25 hakuna hata mmoja wa jamii hiyo.

Hernandez alishtakiwa upya. Alipatikana tena na hatia, na safari hii akafungwa miaka 20. Wapo waliouliza faida iko wapi, ikiwa mtu alikuwa na hatia hapo mwanzo na akabaki nayo mwisho. Wahenga walikwisha kulijibu swali hilo: Mgala muue, na haki yake mpe. Mawakili wale wanne hawakudai kamwe kwamba mteja wao asiadhibiwe. Na Joe Espinosa, ambaye jina lake hupita haraka katika vitabu vinavyoisifu kesi hii, naye alistahili kesi yake iamuliwe na watu walioona kifo cha Mmexico kuwa kifo cha raia.

Garcia hakuufaidi ushindi huo. Ulevi na matatizo ya fedha vilimwandama, na mwaka wa 1964 alifariki San Antonio akiwa na umri wa miaka 48. Cadena alifanywa jaji wa mahakama ya rufaa ya Texas mwaka wa 1965. DeAnda aliteuliwa jaji wa mahakama ya kitaifa na Rais Jimmy Carter mwaka wa 1979, akafariki mwaka wa 2006.

Baada ya 1954

Ilichukua miaka mingine 16 kabla ya hoja ya Uzungu kuzikwa. Mwishoni mwa miaka ya sitini, baadhi ya halmashauri za elimu za Texas zilipoamriwa kuchanganya watoto ziliwaweka watoto weusi na wa Kimexico katika shule moja, zikadai kwamba zimetii kwa sababu Wamexico ni Wazungu. Watoto weupe walibaki walikokuwa. DeAnda aliipinga hila hiyo huko Corpus Christi katika kesi ya Cisneros, na mwaka wa 1970 Jaji Woodrow Seals akaamua kwamba Wamarekani wenye asili ya Mexico ni jamii ya wachache inayotambulika na inayostahili kulindwa dhidi ya utengano shuleni.

Wakati huo DeAnda na wenzake walikuwa wamekwisha kuona kwamba kesi haziwezi kuendeshwa kwa michango ya dola moja moja milele. Wakili Pete Tijerina wa San Antonio alikuwa amechoshwa na kutetea wateja wa asili ya Mexico mbele ya majopo yasiyo na mtu wa asili hiyo. Kwa msaada wa mawakili weusi wa NAACP waliomwonyesha njia, alipata dola milioni 2.2 kutoka kwa Wakfu wa Ford, na mwaka wa 1968 MALDEF, hazina ya kutetea haki za Wamexico mahakamani, ikaundwa. Sehemu ya fedha ilitengwa kuwalipia karo wanafunzi wa sheria wa jamii hiyo. Waanzilishi walijua kwamba kesi bila mawakili ni kilio tu. Wapuerto Rico wa New York walianzisha shirika lao la aina hiyo mwaka wa 1972, ambalo sasa linaitwa LatinoJustice PRLDEF, na mwaka uo huo ndio ulioanzishwa muungano ambao leo ni Chama cha Kitaifa cha Mawakili wa Kihispania.

Mavuno yalionekana upesi. Kuanzia mwaka wa 1973 MALDEF iliongozwa na Vilma Martinez, mzaliwa wa San Antonio aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia. Chini yake shirika hilo lilisaidia kuhakikisha kwamba Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilipanuliwa mwaka wa 1975 ili kuwalinda pia raia wasiojua Kiingereza vyema. Kesi iliyolijengea jina zaidi ni ya Plyler dhidi ya Doe. Mji wa Tyler, Texas, ulikuwa umeanza mwaka wa 1977 kutoza karo ya dola 1,000 kwa kila mtoto asiye na hati za uhamiaji. Wazazi walioshtaki waliogopa kutambuliwa na kufukuzwa nchini, kwa hivyo majina yao yalifichwa na kikao kikafanywa alfajiri, saa kumi na mbili. Juni 15, 1982, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule kwa kosa la mzazi wake. Wakati huo Martinez alikuwa akikamilisha muda wake uongozini.

Suala la majopo, ambalo ndilo lililoanza yote, halikuisha. Mwaka wa 1977, kesi ya Rodrigo Partida ilifika Washington ikitokea Kaunti ya Hidalgo, mpakani mwa Texas na Mexico, ambako asilimia 79.1 ya wakazi walikuwa na asili ya Mexico lakini kwa miaka 11 walikuwa asilimia 39 tu ya walioitwa katika majopo ya kuidhinisha mashtaka. Ugumu wa kesi hiyo ni kwamba makamishna watatu kati ya watano walioteua wanajopo walikuwa wa asili hiyo hiyo. Je, mtu anaweza kuibagua jamii yake? Mahakama ilisema haiwezi kudhania kwamba hawezi. Aliyeandika maoni ya ziada kuhusu jambo hilo ni Thurgood Marshall, wakati huo akiwa jaji. Alionya kwamba baadhi ya watu wa jamii zinazodharauliwa hujitenga na wenzao na hata kuiga chuki wanayofanyiwa.

Pigo lilikuja mwaka wa 1991. Katika kesi ya Hernandez dhidi ya New York, mtu mwingine mwenye jina hilo, kiongozi wa mashtaka aliwaondoa Walatino kadhaa kwenye orodha ya jopo kwa sababu walijua Kihispania. Alihofia kwamba wangeyafuata maneno ya mashahidi yalivyotamkwa, badala ya kumsikiliza mkalimani wa mahakama. Mahakama ya Juu iliikubali sababu hiyo. Yeyote aliyewahi kusikia ushahidi wa Kiswahili au wa lugha ya mama ukitafsiriwa ovyo katika mahakama zetu atafahamu kwa nini uamuzi huo uliwaudhi wengi: kujua lugha ya shahidi kuligeuzwa kuwa dosari.

Machi 6, 2017, mizani ilirudi upande wa pili. Huko Colorado, mwanajopo mmoja alikuwa amewaambia wenzake faraghani kwamba mshtakiwa ana hatia kwa sababu ni Mmexico. Kwa karne nyingi sheria imekataza kuchunguza yaliyosemwa chumbani mwa jopo. Katika kesi ya Peña-Rodriguez, kwa kura tano dhidi ya tatu, Mahakama ya Juu ilisema ubaguzi wa rangi ukidhihirika wazi, mlango huo sharti ufunguliwe.

Mawakili na majaji

Sonia Sotomayor alizaliwa Bronx, New York, na wazazi wa Puerto Rico, Juni 25, 1954, wiki saba baada ya uamuzi wa kesi ya Pete Hernandez. Alisomea sheria Yale, akawa kiongozi wa mashtaka, na kwa miaka 12 alikuwa katika bodi ya shirika la kutetea haki la Wapuerto Rico. Agosti 2009, baada ya Seneti kumwidhinisha kwa kura 68 dhidi ya 31, aliapishwa kuwa jaji wa kwanza wa Kilatino katika Mahakama ya Juu. Alipohojiwa alitakiwa kujieleza kuhusu hotuba yake ya mwaka wa 2001, ambapo alitumaini kwamba mwanamke wa Kilatino mwenye hekima angefikia uamuzi bora kutokana na aliyoyapitia maishani. Wapinzani walidai huo ni upendeleo.

Kabla yake njia ilifunguliwa polepole. Reynaldo Garza wa Brownsville alikuwa wa kwanza wa asili ya Mexico kufanywa jaji wa mahakama ya kitaifa, mwaka wa 1961. Alberto Gonzales alikuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kilatino, kutoka mwaka wa 2005 hadi 2007. Januari 2014, Mahakama ya Juu ya California ilimkubali Sergio Garcia kuwa wakili ingawa hakuwa na hati za uhamiaji. Alikuwa amefaulu mtihani wa uwakili tangu mwaka wa 2009, na ilibidi bunge la jimbo lipitishe sheria mpya ili apate leseni.

Takwimu za Chama cha Mawakili cha Marekani zinaonyesha kwamba Walatino ni takriban asilimia 6 ya mawakili wote, chini ya theluthi moja ya sehemu yao katika idadi ya watu. Sababu hazifichiki. Kusomea sheria huko ni miaka mitatu juu ya shahada ya kwanza ya miaka minne, kwa karo ambayo wengi huilipa kwa mikopo. Kuna mtihani wa kuingilia, ambao mwenye uwezo hugharamia mafunzo yake, na kuna mtihani wa uwakili mwishoni. Mtoto wa kibarua mara nyingi ndiye wa kwanza wa ukoo wake kufika huko, na hana mjomba wa kumweleza ni ofisi ipi abishe hodi.

Vyuo vilijaribu kwa miongo kadhaa kuzingatia asili ya waombaji, na mahakama zikawa zikiyumbayumba. Mwaka wa 1996, katika kesi ya Hopwood, mahakama ya rufaa ilikikataza Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Texas, alikosomea Gus Garcia, kufanya hivyo, na idadi ya Walatino na watu weusi waliojiunga nacho ikashuka. Mwaka wa 2003 Mahakama ya Juu iliruhusu tena, lakini Juni 29, 2023, ikapiga marufuku katika kesi iliyohusu vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina. Sotomayor aliandika maoni marefu ya kupinga. Februari 2025, katika mwezi wa pili wa utawala mpya wa Rais Donald Trump, chombo cha Chama cha Mawakili kinachosimamia vyuo vya sheria kilisimamisha utekelezaji wa kanuni iliyovitaka vionyeshe juhudi za kuwapokea wanafunzi wa jamii mbalimbali.